Bi Saowanee Anatafuta Damu Inayopasuka

Saa tatu asubuhi. Gazeti la bweni letu linajivunia kuwatangazia wasomaji kwamba limemtuma Mwandishi Mwandamizi na Mkuu wa Uchunguzi katika maabara ya hospitali ya wilaya, hapa Nan, kaskazini mwa Thailand. Amefika na ndala na barakoa usoni, amekalia ndoo iliyopinduliwa.

Mbele yake Bi Saowanee Kantawong, mpimaji wa damu, anaingiza vichupa viwili kwenye mashine.

"Mheshimiwa mwandishi, usiipumulie mashine yangu."

Kichupa cha kwanza ni cha Mzee Inkham, mkulima wa tangawizi. Alimeza dawa ya malaria, mkojo ukawa kama kahawa. Cha pili ni cha mwanafunzi aliyeletwa jana, siku ya mtihani wa fizikia, mkojo mwekundu.

Wote ni wa kundi moja la damu, na kwenye friji umebaki mfuko mmoja wa damu hiyo. Daktari amemtengea mwanafunzi, kwa sababu alitangulia, na makabati ya bweni yamejaa naftalini, vile vidonge vya kufukuza nondo, ambayo hupasua chembe za damu za baadhi ya watoto wa huku.

"Napima haptoglobini, protini ya kwenye damu. Ni mzoaji," anaeleza Bi Saowanee. "Chembe zikipasuka mwilini, inazoa kilichomwagika na kuondoka nacho. Zikipasuka nyingi, yenyewe inakwisha."

Mashine inalia. Anasoma, kisha anainua simu kumpigia muuguzi wa wodi.

"Dada Malee, ya mzee imekwisha kabisa. Ya mtoto imejaa tele! Mwambie daktari mfuko uende kwa mzee, sasa hivi."

"Lakini mkojo ulikuwa mwekundu, mama," mwandishi anauliza, kwa niaba ya sayansi.

"Damu ilikuwa kwenye kopo la mkojo tu, mwanangu. Mwilini hakuna kilichopasuka."

Anafuta meza taratibu. Anasema angependa kulipima bweni zima, ili kila mtoto ajue kama naftalini ni sumu kwake.

"Nitaanza na wewe. Kunja huo mkono wa shati."

"Mimi nimekuja kuandika tu, mama."

"Kunja. Nani alikutoboa hapo jana kama si mimi? Na hiyo barakoa haifichi masikio hayo."

Nikakunja. Ilikuwa damu ya nguruwe, mama. Niliinunua sokoni, kwa yule anayeitia kwenye supu ya tambi. Nilikuwa naukimbia mtihani. Sikujua kuna mzee anayeusubiri mfuko ule.