Wazazi wa Kambi ya Mkonge

Bibi Sikuzani Pazi alikuwa mkunga wa Kongowe, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, na kwa miaka mingi hakuna aliyemtilia shaka. Kisha, mwaka wa arobaini na saba, shamba la mkonge likafunguliwa bondeni. Mtambo wake uliendeshwa kwa kuni mbichi, na dohani lake lilikuwa fupi. Kambi ya vibarua ikajengwa chini ya dohani hilo, upande uliopelekewa moshi mchana kutwa. Nyumba ya meneja ikakaa kilimani, moshi usikofika.

Watoto wa kambi ile wakawa wanazaliwa wepesi mno, wengine kabla ya miezi kutimia. Walipumua kwa kukoroma, na wengi hawakufika siku arobaini. Sikuzani aliosha maiti zao kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mkono wake umeingia nuksi, naye nusura aamini.

Siku moja Isihaka, mpishi wa meneja, alifika kwake kununua kuku. Katika maongezi akasema mke wa bwana ana mimba, na daktari amempeleka pwani mpaka ajifungue, kwa kuwa moshi ule unadhuru mtoto tumboni.

"Alisema hivyo lini?" Sikuzani akauliza.

"Tangu Rajabu, bibi."

Katika Rajabu hiyohiyo alikuwa ameosha maiti ya mtoto wa mke wa kibarua mmoja, jina lake Tatu, na huyo alikuwa mtoto wa pili kumfia. Kumbe walijua. Walijua, wakamwondoa mmoja.

Hakungoja kesho. Alijitanda kanga akaenda ofisini, na mnyapara Mfaume akawa mkalimani. Meneja alijibu kuwa wanawake wa kambini ni wachafu, wanapika ndani kwa kuni, na hiyo ndiyo sababu.

"Mwambie nami nimepikia kuni tangu usichana wangu, na wanangu saba wako hai," Sikuzani akasema. "Kisha muulize mkewe amekimbizwa pwani kwa nini."

Mfaume alitafsiri maneno ya mwanzo, akaishia hapo.

"Na hilo la mwisho?"

"Nisamehe, bibi. Mimi nina kazi hapa."

Sikuzani akatoka bila kuaga. Tatu alikuwa mjamzito tena. Akamkunjia mkeka, akamchukua nyumbani kwake Kongowe, moshi usikofika. Meneja akatangaza kwamba kibarua ambaye mkewe atahama atakatiwa posho ya unga. Hata hivyo, kufikia Mfungo Sita wajawazito waliohamia kwake walikuwa wanne, wamelala chumba kimoja, wakila mihogo ya shamba la Sikuzani.

Tatu akajifungua mtoto wa kike mzito, mwenye sauti iliyosikika mpaka kwa jirani. Wanawake wakapiga vigelegele. Sikuzani hakupiga. Alimshika mtoto yule, akawakumbuka kwa hasira wote aliowaosha.

Dohani halikuongezwa hata tofali moja. Kila Ijumaa Sikuzani aliteremka kambini, akapita mlango kwa mlango kuwaita wajawazito waliobaki. Baadhi walimfuata. Wengine, waume wao walikataa, na hao aliendelea kuwazalisha ndani ya moshi.