Roketi ya Respicius na Hotuba ya Mgeni Rasmi

Mimi ni katibu wa kamati, na nasema mapema kwamba yote yaliyotokea Jumamosi ile yalitokana na muhtasari nilioandika kwa mkono wangu.

Kamati yenyewe ilikuwa ya roketi. Msicheke. Sisi wa huku Maryland, Marekani, tukifika watatu tayari ni kamati. Tunajua kuendesha kamati za harusi, za misiba, za kumpokea mtu uwanja wa ndege. Kwa hiyo Respicius alipotuambia anajenga roketi, tukafanya tunachokijua: tukachagua mwenyekiti, tukachagua katibu, tukashona sare. Kitenge kilikuwa cha bluu chenye samaki, kwa sababu chenye roketi hakikupatikana.

Respicius ni Mhaya wa Bukoba, mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Adelphi, na ni mpole mpaka anaudhi. Katika maisha yake hajawahi kumkatiza mtu maneno. Pale kazini kuna bibi anayemsimulia kila asubuhi jinsi mbwa wake alivyokufa, mbwa yuleyule, ugonjwa uleule, na Respicius anampa pole upya kila siku. Wauza bima wakimpigia simu huchoka wao, wakakata. Mimi mwenyewe nilimwonya siku moja kwamba upole huu utamponza, akanisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru. Nilitamani kumzaba kofi.

Roketi yake ilikuwa mfano, moja ya sita ya ukubwa wa ile iliyorushwa pwani ya Malindi mwaka 1970 kupeleka angani setilaiti ya Uhuru. Urefu wake ulizidi mita tatu na nusu. Fleti yao ni ndogo, kwa hiyo pua ilikaa jikoni na mapezi yakakaa sebuleni, na mgeni akitaka kwenda msalani ilibidi apandishe suruali airuke. Mkewe, Elieth, alivumilia miaka miwili. Alianika soksi juu yake. Halafu mama yake mzazi akapata viza.

"Baba Jackie," Elieth alimwambia mbele ya kamati nzima, "mama anafika Jumatano. Ukipata hicho cheti chako, tutaining'iniza darini, nitamwambia ni pambo. Ukikosa, inakwenda jalalani. Mama yangu hataruka roketi kwenda chooni."

Cheti alichokitaka ni cha daraja la pili cha warushaji wa roketi kubwa. Masharti hayakuwa mengi: iruke, mwavuli ufunguke, irudi nzima, na msimamizi wa uwanja aone kwa macho yake. Uwanja ni shamba la soya lililokwisha kuvunwa, ng'ambo ya ghuba, na Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho kabla ya majira ya baridi. Ruhusa ya kutumia anga ilikuwa inaisha saa kumi jioni kamili.

Hapo ndipo kamati ilipoharibu. Sherehe bila mgeni rasmi ni watu tu wamesimama shambani, kwa hiyo tukamwalika Mzee Kipkemboi, mstaafu anayeishi Beltsville, ambaye ndiye aliyetununulia mota ya kuirusha roketi. Nikaandika kwenye muhtasari: "Roketi haitarushwa kabla mgeni rasmi hajasema machache." Tukamwambia shughuli inaanza saa nne, ili afike saa sita. Naye, kwa uzoefu wa kualikwa, alijua kabisa kwamba tumepunguza saa mbili, akaongeza zake tatu.

Saa tisa na nusu roketi ilikuwa imesimama kwenye mlingoti wake, inang'aa, na Mzee alikuwa kwenye foleni ya magari, kwenye daraja la ghuba. Respicius alikaa na kibonyezo mapajani, jasho linamtoka ilhali kulikuwa na baridi. Msimamizi wa uwanja, Mmarekani mzee mwenye kofia ya majani, akatujia.

"You folks flying or not?"

"We are waiting for someone, sir," Respicius akamjibu.

"He bringing a part?"

"No, sir. A speech."

Kusikia tunangoja hotuba, si kipuri, msimamizi akatazama samaki wa sare zetu mmoja mmoja, akaondoka.

Gitau, Mkenya aliyefunga nyaya zote za roketi ile, akashindwa kujizuia. "Buda, window inaclose saa kumi. Bonyeza tu, mzee ataelewa."

"Haibonyezwi," nikasema. "Iko kwenye muhtasari."

"Basi Katibu, mpigie! Aongee kwa spika!"

Tukampigia. Zilikuwa zimebaki dakika sita. Nikaiinua simu juu, tukasimama wote, wanaume wakavua kofia.

"Hamjambo?" akasema Mzee.

"Hatujambo!"

"Sijasikia vizuri. Hamjamboooo?"

"Hatujamboooo!"

Dakika tano. "Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati," akaanza, taratibu, "mheshimiwa katibu, viongozi wa dini mliopo..." Hakukuwa na kiongozi wa dini hata mmoja. "...wazazi, walezi, wawakilishi wa vyama mbalimbali..."

Dakika tatu. Elieth alikuwa amefumba macho. Nilidhani amechoka na roketi ile kuliko sisi sote, kumbe anaiombea. Midomo ilikuwa inacheza. Respicius alikuwa anaitazama simu kama mtoto anayesubiri kuchomwa sindano. Nilimhurumia sana. Nilitaka kukata simu mimi, lakini mkono ulikataa.

"...vijana wetu, akina mama wa jikoni, itifaki imezingatiwa..."

Msimamizi akainua mkono, vidole vitano: zimebaki sekunde tano. Akakunja kimoja. Akakunja cha pili.

Respicius akafumba macho, akabonyeza.

Shamba zima likanguruma. Roketi ikatoka kama iliyokanyaga moto, ikapenya wingu, tukapiga kelele mpaka koo zikawasha. Mwavuli ukafunguka mdogo kule juu, tukapiga kelele tena. Ngurumo ilipotulia, sauti ya Mzee ikatoka kwenye simu, imejaa furaha:

"Asanteni. Asanteni sana. Kaeni, jamani, kaeni."

Tukakaa. Kwenye mabua ya soya.

Roketi ilitua nzima, na msimamizi akatia sahihi cheti juu ya boneti ya gari lake. Elieth alimkumbatia mumewe mpaka karatasi ikakunjamana. Lakini Respicius hakucheka, na Mzee alipowasili saa kumi na moja, amevaa suti na tai, Respicius alimwendea na roketi begani, yenye tope puani, machozi yakimlengalenga.

"Mzee, shikamoo. Nisamehe. Nimeirusha ukiwa unaongea. Nimekukatiza."

Mzee Kipkemboi aliitazama roketi. Akatutazama sisi. Sote tukaangalia chini.

"Nilikuwa nimefika wapi?" akauliza.

Kila mtu akanigeukia mimi. Nikafungua daftari.

"Kwenye itifaki, Mzee."

"Aa," akasema, akampiga Respicius begani. "Basi hukunikatiza. Nilikuwa sijaanza."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi saba.