Kibali cha Kuegesha Mtaani Kwetu

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, sisi makarani wa Kakamega tulihamia nyumba walizoziacha Wazungu waliokuwa wakirudi kwao. Nyumba tisa, barabara moja, na nyasi zilizokatwa vizuri mbele ya kila mlango. Mwezi haukuisha kabla hatujaanza kuudhiwa na watu wa kawaida.

Kisa kilikuwa magari. Uwanja wa ofisi ya mkoa ulikuwa wa wakubwa, kwa hiyo kila aliyekuja na shida zake aliegesha kwetu, na siku za soko yakaongezeka malori ya mahindi. Tukaunda kamati. Mimi nikawa katibu, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na kiburi cha kutosha. Nikaandika sheria: gari lisisimame mtaani bila kibali, kila nyumba kibali kimoja, mgeni aombe chake kwa katibu siku moja kabla, kitiwe sahihi na muhuri.

Niseme wazi kwamba katika nyumba zote tisa palikuwa na gari moja tu, nalo lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Sisi wengine tulikuwa na baiskeli. Hata hivyo vibali tuligawana sawasawa. Changu nilikitia kwenye fremu nikakitundika sebuleni, karibu na picha ya harusi. Barabara ikawa tupu kutwa nzima, nasi tukawa tunasimama dirishani kuitazama. Mwanzo wa mtaa tuliweka mti wa kuzuia njia, na askari mmoja mzee wa Matungu, mpole, aliyemtolea kila mtu salaam aleikum kabla ya kumfukuza.

Basi mke wangu akajifungua binti, mtoto wetu wa kwanza. Kwetu baba hajichagulii tu jina la mtoto. Bibi yake, mama wa baba, humpakata, akamwitia majina ya waliotangulia mmoja mmoja, na lile ambalo mtoto atanyamaza akilisikia ndilo lake. Nikampelekea mama yangu habari huko Shinyalu. Akaomba lori la jirani, akapakia ndizi, unga wa wimbi na kuku wanne. Kibali sikukiwaza hata kidogo. Nadhani niliona sheria ile ni ya mama za watu wengine.

Alifika saa tano, mimi nikiwa ofisini.

"Mama, gari haisimamangi hapa bila karatasi," mzee akamwambia. "Karatasi iko na katibu."

"Katibu ni mtoto wangu."

"Ndiyo huyo alisema nisijue mtu."

Akamwambia anaweza kuingia kwa miguu, lori likangoje sokoni. Mama akamuuliza kama kuku nao wanahitaji karatasi, kisha akapanda lori akarudi Shinyalu na kila kitu chake.

Nilimkasirikia yule mzee kwa muda wa saa nzima. Baada ya hapo sikuwa na wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe. Niliona aibu, na mke wangu hakunisaidia kuipunguza. Siku zilipita mtoto akiitwa "mtoto" tu.

Jumapili tukaenda Shinyalu sote watatu. Mama alitukuta penye ua wa miti unaozunguka boma lake. Akampokea mtoto, akampitisha mke wangu, mimi akanizuia kwa mkono.

"Wewe ngoja hapo," akasema. "Niende nikaone kama kuna nafasi."

Boma zima halikuwa na kitu ila kuku wale wanne. Nilisimama njiani na kofia yangu mkononi. Nilimsikia mtoto akilia ndani, na mama akiita: jina la shangazi yake, kilio, jina la dada yake aliyefariki, kilio zaidi. Kisha akaita jingine, pakawa kimya, halafu vigelegele.

Mtu mmoja aliyekuwa akipita na jembe lake begani alilisikia jina la binti yangu wakati uleule niliolisikia mimi.