Bi Enid na Neno "Alidai"

Watu wa Ormsley, mji mdogo wa viwanda vya sufu huko Yorkshire, walimjua Enid Thackray kama mtu asiye na neno. Hawakuwa na nia mbaya. Mwenye maneno nyumbani kwao alikuwa mama yake, na mama huyo alipofariki, Enid akiwa na miaka arobaini na tisa, nyumba ikabaki na sauti ya saa ya ukutani tu.

Kazini nako alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kiwanda. Maneno ya mabwana wakubwa yaliingia masikioni mwake yakatokea vidoleni, yeye mwenyewe asiongeze hata nukta. Kiwanda kilipofungwa, wanachama wa vishamba vya nyuma ya stesheni, vile vya kukodi ambamo watu wa mji walilima mboga zao, wakamwomba awe katibu wao. Alikuwa na haki ya kuwemo, maana kishamba namba tisa alikirithi kwa baba yake, naye alipanda njegere na viazi humo. Lakini hawakumchagua kwa ajili ya njegere. Walimchagua kwa sababu aliandika haraka na hakubishana na mtu.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwezi wa Mei mwaka 1974, kabichi changa za Wilf Murgatroyd zilipoliwa.

Wilf alikuwa dereva mstaafu wa treni, na kabichi zake aliziongelea kama watu wengine wanavyowaongelea wajukuu. Asubuhi moja alikuta mistari mitatu imebaki vijiti. Jirani yake kishambani, Clifford Sugden, alifuga kuku sita. Wilf hakuhitaji kufikiri sana, hasa kwa kuwa mwaka uliotangulia Clifford ndiye aliyemshinda kwenye maonyesho ya mboga.

Kikao kilifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa la Methodisti. Kila mtu alisema lake, Enid akaandika. Mwezi uliofuata akausoma muhtasari kwa sauti yake ndogo: Bwana Murgatroyd alisema kuku wa Bwana Sugden wamekula kabichi zake. Bwana Sugden alidai kuku wake hawakutoka bandani.

Clifford akanyoosha mkono. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, mwuza nyama kwa kazi.

"Bi Enid, samahani. Wilf amesema. Mimi nimedai. Kwa nini mimi nidai?"

Enid akaangalia karatasi yake. Kwa kweli hakujua kwa nini.

"Gazetini anayedai ni mwizi," Clifford akaendelea. "Mtu kakamatwa na baiskeli ya watu, anadai aliikuta njiani. Mke wangu akisoma hivi atanitazamaje?"

Mwenyekiti, Bwana Haigh, mtu aliyetaka tu kikao kiishe aende kumwagilia nyanya zake, akapendekeza iandikwe kuwa Bwana Sugden alisisitiza. Clifford akalionja neno hilo, akalikataa. Anayesisitiza, alisema, ni kama mtu anayegonga meza, na yeye hakugonga meza yoyote. Mtu mmoja kutoka nyuma akatoa "alishikilia". Hilo likamfanya aonekane mbishi. Pakatolewa "alithibitisha", na hapo Wilf akasimama. Athibitishe nini, na kwa ushahidi gani? Kama Clifford anathibitisha, basi yeye Wilf aandikwe kuwa alitamka rasmi.

Saa nzima na robo ilikwenda kwa namna hiyo. Bomba la maji lililokuwa likivuja tangu Pasaka, ambalo ndilo lililokuwa la kwanza kwenye ajenda, halikutajwa.

Enid alirudi nyumbani akiwa na kichwa kizito. Hakukasirika, hakuwa na mazoea ya hasira. Ila alikuwa mtu wa kazi safi, na kuambiwa kazi yake ina doa kulimuuma. Akateremsha kamusi ya visawe aliyopewa na ofisi siku ya kuagwa, kitabu kinene ambacho mpaka hapo kilikuwa kimezuia mlango wa jikoni usijifunge. Jumatatu hadi Ijumaa alikipitia kila baada ya chai ya jioni, akayapanga maneno kwa uzito, mepesi juu, mazito chini, kama mwuza duka anavyopanga mawe ya mizani.

Akaja kwenye kikao cha Julai na orodha iliyopigwa chapa vizuri, akampa kila mwanachama nakala. Akawaomba kwa adabu kwamba kila anayetaka kusema achague kwanza neno lake, ili baadaye pasiwe na manung'uniko.

Alidhani amewarahisishia. Wanaume wale ambao miaka yote walikuwa wakinung'unika tu kuhusu konokono sasa wakawa kama wabunge. Bwana Haigh akatangaza kwamba bomba linavuja. Mzee mmoja akaapa kwamba mbolea ya farasi ni bora kuliko ya ng'ombe, na kwa kuwa alishachagua kuapa, ilimbidi avue kofia. Clifford akatamka rasmi kwamba kuku wake hawana hatia. Wilf, aliyekuta maneno mazito yote yameshachukuliwa, akasema yeye anachukua mawili kwa mpigo, akashikilia na kusisitiza.

"Kwa hiyo umewaona kuku wangu kwa macho yako?" Clifford akauliza.

"Sihitaji kuwaona."

"Basi nani aliyewaona? Nitajie mmoja."

Hapo Enid akainua macho kutoka kwenye karatasi, maana dirisha la chumba chake lilitazamana na vishamba, na asubuhi ile ya Mei alikuwa amesimama pale na kikombe chake. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Naye alijua katibu huandika, hasemi. Miezi miwili alikuwa amekaa na jambo lile kama mtu mwenye kokwa mdomoni asiyejua pa kuitemea.

Akaiweka kalamu mezani.

"Mimi nilikuwepo dirishani," akasema. "Walikuwa njiwa. Njiwa wa porini, kama ishirini hivi. Kuku walikuwa bandani, nimewaona, na mlango umefungwa."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Hakuna aliyemwomba arudie, na hakuna aliyemwuliza amechagua neno gani kwenye orodha.

Wilf alikuwa wa kwanza kukohoa. Akamgeukia jirani yake.

"Udongo ulikuwa haujaparuliwa," akasema polepole. "Kuku angeparua. Nililiona hilo siku ileile, Clifford. Ila nilikuwa nimeshasema mbele za watu, bwana. Ningerudije nyuma?"

Clifford akajikuna shingo. Alikuwa na nafasi ya kumsulubu mwenzake, na watu kadhaa walikuwa wamejisogeza mbele ya viti vyao wakiingoja.

"Kuna siku walitoka kweli," akasema badala yake. "Mwezi wa nne. Walikula letisi zako mbili, nikafukia mashimo."

"Nilidhani ni konokono."

"Najua. Nilikusikia ukiwatukana."

Wanaume wote wawili wakatazama kalamu ya Enid kwa wakati mmoja. Yeye aliitazama pia. Neno la pale alilijua vizuri, lilikuwa ukurasa wa tatu wa orodha, mstari wa mwisho: alikiri. Akachukua kifuniko cha kalamu, akakifunga taratibu mpaka kikalia, akainuka kwenda kuchemsha maji ya chai.

Bwana Haigh aliuliza kama kikao kimekwisha. Hakuna aliyemjibu, wote walikuwa wakijadili nyavu za kuzuia njiwa, wakisema tu, kwa sauti za kawaida. Jikoni Enid alihesabu vikombe mara mbili, na alipomletea Wilf chai yake alimwambia kwamba mwaka huu amezipanda kabichi karibukaribu mno. Hakuwa amewahi kumwambia mtu kitu kama hicho. Wilf akanywa funda, akafikiri, akakubali.