Onam Bila Leelamma

Damaris Mwikali alizaliwa Kitui, akasomea uuguzi, kisha akaenda Riyadh kwa mkataba wa hospitali. Huko alipewa chumba pamoja na Leelamma, muuguzi Mmalayali kutoka Kerala, kusini mwa India, mama wa makamo aliyetia nazi karibu katika kila chakula. Wauguzi wadogo walimwita Chechi, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao. Damaris naye akamwita hivyo.

Mwaka ule wa kwanza Damaris alifiwa na mamake, na ruhusa ya kusafiri ikachelewa mpaka mazishi yakapita. Akawa akitoka kazini analala akitazama ukuta. Siku moja Chechi alimgusa bega.

"Amka uoge. Leo ni Onam, tuna mgeni."

Wakikuna nazi, Chechi alimweleza kwamba mgeni mwenyewe ni mfalme wa kale, Mahabali. Alipoondolewa duniani aliomba jambo moja tu, aruhusiwe kurudi mara moja kwa mwaka kuwaona watu wake. Ndiyo maana siku hiyo Kerala nzima huvaa nguo mpya na kupamba nyumba, mfalme asije akawakuta wanyonge.

"Na mtu akiwa na huzuni?" Damaris aliuliza.

"Huzuni yake ipo, haiendi popote. Lakini leo anakula kwanza."

Maua yalikuwa adimu, basi Chechi akaitia rangi nazi iliyokunwa na kuitandaza sakafuni kama zulia la duara. Wakaketi chini, wakala kwenye majani ya mgomba. Damaris alikula huku machozi yakimtoka, na Chechi akamwongeza wali.

Walisherehekea hivyo kila mwaka hadi Chechi alipostaafu akarudi kwao. Damaris akapata kazi Jeddah, akapanga nyumba mtaa wa Aziziya, na Onam zikawa zinapita bila yeye kuzihesabu. Ila kila aliposikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye ngazi za jengo, alipunguza mwendo.

Mwaka huu wodini kwake aliletwa muuguzi mgeni, msichana aitwaye Anju, naye wa Kerala. Damaris alimkuta katika chumba cha kubadilishia nguo, simu mkononi, macho mekundu.

"Nyumbani wanapanga maua, sista," Anju alisema. "Ijumaa ni Onam. Sijawahi kuikosa."

"Ijumaa uko off?"

"Niko."

"Basi njoo kwangu mchana. Usile kitu."

Damaris akaenda mtaa wa Sharafiya, kwenye maduka ya Wamalayali, kununua majani ya mgomba na ukwaju. Mwenye duka alimtazama, akamuuliza, "Unampikia madam wako?"

"Napika kwangu," Damaris akajibu. "Nina mgeni."

Ijumaa aliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Chechi, nywele zimejaa mvi sasa, akawa anamwelekeza kutoka Kerala. "Umezidisha ukwaju, Damaris. Naona hata rangi yake." Damaris akacheka, akaongeza maji, lakini mchuzi haukupona.

Anju alifika amevaa sari nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Alipoiona duara ya nazi sakafuni alisimama mlangoni kitambo, ndipo akavua viatu. Damaris alipotandika majani, Anju aliligeuza moja taratibu, ncha ikaelekea kushoto, kama desturi ya kwao inavyotaka.

"Mchuzi ni mchachu," Damaris alimwonya.

"Wa nyanyangu pia," Anju akasema, akaomba zaidi.

Akasimulia habari za nyanya huyo, bembea waliyofungiwa uani, binamu waliosukumana. Damaris akasikiliza, kisha akajikuta anamtaja mamake, alivyochambua maharagwe ya isyo, chakula cha mahindi na maharagwe, kizingitini akiimba nyimbo za kanisani, akikosea maneno makusudi ili watoto wacheke. Zamani hakuweza kumtaja bila sauti kukatika. Mchana ule alimsimulia mpaka wakacheka wote, na Chechi, aliyekuwa bado kwenye simu, akacheka nao.

Walipomaliza, Anju alilikunja jani lake kuelekea kwake, ishara kwamba mlo umemridhisha. Damaris naye akakunja lake.