Sufi ya Mito ya Dada Zena

Nianze na upuuzi wangu mwenyewe kabla hamjausikia kwa watu: nilichukua sufi ya mito ya harusi ya dada yangu Zena nikapikia maharage. Ndiyo, nikapikia. Chekeni, mkimaliza niendelee.

Siku hiyo washenga walikuwa wanakuja kwetu Marui kutoka Mlandizi kumposa Dada Zena, na mama, ambaye ilikuwa zamu yake shamba la kijiji, alipika wali alfajiri akaniachia chungu cha maharage na amri moja tu: "Chochea moto, usibanduke hapo mpaka nirudi." Sasa mimi na kukaa mahali pamoja tuligombana tangu tumboni, halafu kuni zikiisha anayetumwa porini nani kama si mimi? Ndipo nikakumbuka somo la mwalimu wetu, kwamba chungu kikichemka unakitia kwenye kikapu kilichoshindiliwa majani makavu, unafunika gubigubi, chakula kinajiivisha chenyewe bila hata ukuti mmoja (alisema pia maharage yalowekwe usiku kucha na yachemke kwanza nusu saa, lakini hapo mimi nilikuwa nachora pua yake kwenye daftari). Majani nikaona uvivu kuyatafuta, na uvunguni kwa mama kulikuwa na gunia la sufi aliyoichambua msimu mzima. Povu la kwanza tu, nikaepua, nikashindilia, nikazima moto, huyoo uwanjani!

Mama akarudi. "Mbona moto umekufa?"

"Yameiva, mama, usifunue, joto litatoka!"

Kabla hajanishika sikio, hodi. Wageni hao.

Ningenyamaza tu. Lakini nilitaka sifa, nikakibeba kikapu chenyewe mpaka barazani, mama alipokwisha kuandaa wali, mbele ya mshenga mkuu, mzee mwenye ndevu zilizopakwa rangi zikawa nyeusi tii, nikatangaza, "Wazee wangu, hili ndilo jiko lisilokula kuni!" Nikafunua kwa mbwembwe. Upepo nao ukapita. Sufi ikapaa, ikatua kwenye wali, kwenye kofia, na ndevu za mzee zikawa nyeupe pepepe, akazeeka tunamwona. Kwa ustaarabu wake akatia punje ya haragwe mdomoni, na sote tukaisikia: ka!

"Kijana," akasema huku akitoa sufi puani, "hapa natafuna kokoto au nakula mto?"

Nyuma ya pazia Dada Zena akaangua kilio. Wageni wakaaga, posa hawakuitamka.

Siku nne sikukaa kitako, kila kengele ya baiskeli natoka mbio kuchungulia njia. Ya tano mshenga akaja, ndevu zimepakwa upya, akatamka posa, akaomba maji tu. Chakula, alisema, ameshakula kwake. Nikaapa moyoni kwamba somo nitalisikiliza mpaka mwisho, pua ya mwalimu iwe vyovyote itakavyokuwa.

Mama alingoja mgeni apotelee kwenye kona, akanitupia gunia tupu, akasema:

"Kuni umeniokolea, mwanangu, ahsante. Sasa kaparamie misufi yote ya Marui mpaka hilo lijae. Na maharage yako nimekuanikia, utayatafuna huko huko juu ya mti, maana wewe moto huuhitaji."