Kiilu na Turbo ya Kulazwa Usingizi

Mume wangu Kiilu alikuwa fundi wa magari pale Mwingi, kando ya barabara ya Garissa, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko mdomo wake. Injini iliyoshinda mafundi wa Kitui mjini ilimjia ikikohoa, ikaondoka ikiimba. Lakini dereva akikosea akamuuliza, "Fundi, nifanye nini gari iongeze nguvu?" basi mzaha ulimpanda kichwani kama pombe, na Kiilu hata hakuwa mnywaji.

"Injini yako ina mtungi mmoja wenye kiburi, silinda ile ya tatu," angesema huku akipangusa spana. "Asubuhi ukifika, salimia ile mingine, huo uuruke. Ukiona aibu utavuta."

Mwingine aliambiwa apake asali ya Tseikuru nyuma ya lori, nyuki wainuse waje wasukume. Mwingine afunge mkebe kwenye eksosi ili moshi uone haya kutoka, urudi ndani kufanya kazi mara ya pili. "Hiyo ndiyo turbo," Kiilu alimwambia. "Hao wazungu walitunyang'anya tu."

Na hakuna aliyecheka. Hiyo ilikuwa sheria ya gereji: mzaha ukishatoka, wote mnanuna kama mko matangani mpaka aliyeambiwa aende zake. Anayecheka kwanza huenda kuteka maji. Madereva wazoefu kama Ugas, aliyekuwa akipeleka ng'ombe Nairobi tangu uhuru, walijua mchezo na wakajibu uongo kwa uongo. Hata mimi nikileta uji nilinuna pamoja nao. Siwezi kujitoa hapo.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilitukataa kabisa, tukala mahindi ya njano ya msaada. Kanisa letu likapata lori la mfanyabiashara mmoja kupeleka magunia Tseikuru. Dereva alikuwa Ndolo, mtu wa Makueni, mpole, mwenye Biblia kwenye dashibodi, na hiyo ilikuwa wiki yake ya kwanza kuendesha lori lenye turbo, ile pampu ya kuipulizia injini hewa zaidi. Wanawake sita walipanda juu ya magunia. Mimi nilikaa mbele na dereva kwa sababu orodha ya majina ya wenye njaa ilikuwa kwangu. Nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka.

Tulikuwa tumeacha Kyuso nyuma, wale wa juu wakiimba, wakati Ndolo aliponiambia, "Mwaitu, mzee wako ni mtu wa maarifa." Aliniita mwaitu kama anavyomwita mamake.

"Amekufanyia nini?"

"Amenifundisha turbo. Kwamba ikipanda mlima inachoka kama mtu. Kwa hivyo mteremko ukianza, uweke gari free, bila gia, uzime injini, turbo ilale kidogo. Ikiamka huko chini ina nguvu ya turbo mbili."

Miaka kumi na nne nimelala na fundi, na kuna mambo yanayokuingia hata kama hukuyataka. Nilijua breki za lori lile ni za upepo, na upepo husukumwa na injini. Ukizima injini unabaki na ule ulio kwenye tangi tu. Na jana yake nilimsikia Kiilu mwenyewe akisema tangi la lori hilo linavuja, lirudishwe Alhamisi. Hiyo ilikuwa Jumanne.

"Ndolo, huo ulikuwa mzaha."

Akatabasamu vile watu humtabasamia mtoto. "Mzee hakucheka, mwaitu."

"Huwa hacheki."

"Kulikuwa na watu watano pale. Hata mmoja hakucheka. Mtu akidanganywa, lazima mmoja acheke."

"Ndiyo mchezo wao huo. Wananuna makusudi."

Akasema pole pole, kwa adabu yote, "Mama yangu pia humdharau baba mbele ya watu. Si vizuri."

Ningemzaba kofi kama si usukani. Nikamwambia habari ya upepo, nikamwambia habari ya tangi, nikamwonyesha mshale kwenye saa ya kupimia upepo, ambao tayari ulikuwa umeshuka. Akasema fundi ndiye aliyefungua injini, si mimi. Na hapo mteremko wa kushukia mtoni ukafunguka mbele yetu.

Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Lakini wakati wa kiangazi kama kile, huko ndiko watu wote wanakokwenda, kuchimba visima kwenye mchanga. Kutoka juu niliwaona wamejaa pale barabara inapovukia: punda, mitungi, akina mama wameinama na vibuyu, watoto. Hakuna hata mmoja aliyetazama juu.

Ndolo akatoa gia. Akavuta kile kifungo cha kuzimia injini.

Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Wimbo wa Muthoki na wanawake wenzake juu ya magunia ukasikika wazi, kila neno. Halafu magurudumu yakaanza kunguruma. Akagusa breki, ikapiga mluzi, mshale ukaanguka. Akagusa tena. Mshale ukaingia kwenye nyekundu.

Kumwambia ukweli kulikuwa kumeshindikana. Nikachukua sauti ya mume wangu, ile kavu ya kupangusa spana.

"Na kuiamsha, Ndolo? Alikwambia inaamshwaje?"

"Hapana, mwaitu."

"Basi alisahau, kwa maana mimi namsikia akiwaambia wenzako kila siku. Turbo ikilala mara ya kwanza huamshwa kabla ya hesabu ya kumi. Rudisha kifungo, tia gia ya pili, achia klachi. Ikipita kumi imekufa, na tajiri wako atakuuliza. Moja."

Akarudisha kifungo.

"Mbili. Tatu."

Gia ikakataa. Ikasaga kama mtu anayetafuna mawe.

"Nne. Tano. Usitazame mto, tazama mkono wako. Sita."

Huko juu wimbo ulikuwa umekatika. Mtu mmoja alikuwa akipiga paa la kabini kwa ngumi. Nikaendelea kuhesabu, lakini pole pole zaidi, kwa sababu nani alijua ningefanya nini baada ya kumi. Nilipofika nane gia ikaingia. Akaachia klachi, lori likaruka kama punda aliyechomwa, paji langu la uso likagonga kioo, na injini ikalia kilio kirefu chini yetu. Tukashuka tukishikiliwa na gia ile, huku Ndolo akiegemea honi na watu wa mtoni wakitawanyika wakiacha mitungi. Tulisimama magurudumu yamezama mchangani. Punda mmoja alikuwa karibu hivi kwamba niliona nzi kwenye macho yake.

Ndolo alipangusa uso. "Mwambie mzee asante," akasema. "Kweli imeamka."

Niliiokota orodha ya majina miguuni pangu.

Nilimwambia turbo hulazwa mara moja tu katika maisha yake, asirudie. Akaitikia. Aliamini na hilo.

Jioni, tuliporudi Mwingi, nilimsimulia Kiilu. Hakukana. Aliinuka akamfuata Ndolo alikokuwa ameegesha, nami nyuma yake, pamoja na wale watano wa gereji. Akamwambia mbele yetu wote, "Kijana, nilikudanganya. Ningekuua wewe, na mke wangu, na watu wa mtoni."

Ndolo alitutazama mmoja mmoja. Wale wanaume walikuwa wameinamisha vichwa kwa aibu. "Mzee, unanipima," akasema. "Mimi nimeelewa mafunzo yako vizuri."

Kiilu hakubishana naye. Usiku ule alifunga tangi jipya kwa mwanga wa taa ya mafuta, na Ijumaa, safari iliyofuata, akapanda kabini, yeye ambaye alikuwa hapendi kabisa kusafiri. Alikwenda na Ndolo Tseikuru na kurudi, mara mbili kwa wiki, mwezi mzima, mkono wake juu ya kile kifungo, akimfundisha breki upya kama mtoto wa nasari. Gerejini hakuna aliyempa mtu shauri tena.

Nami nikabaki Mwingi na uji wangu. Kila Jumanne na Ijumaa, jua likifika pale lilipokuwa siku ile, nilijua lori liko juu ya mteremko, na sasa mume wangu alikuwa ndani.